Mashine za Ofisi na Kompyuta za Gemu katika Mkoa wa Simiyu

Historia ya kompyuta za gemu za bei nafuu katika Mkoa wa Simiyu, kuanzia Bariadi mjini hadi Kimali, haitenganishiki na historia ya mashine za ofisi, kwa kuwa nchini Tanzania kompyuta iliingia kama chombo cha hesabu za serikali, ikafungiwa mlango, kisha ikawafikia watu wengi kwa njia ya mtumba. Kompyuta ya kwanza ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974, baada ya mradi wa kuhamishia hesabu za serikali kwenye kompyuta kuleta hasara, uingizaji wa kompyuta na vifaa vingine vya kielektroniki, zikiwamo televisheni, ulipigwa marufuku, na zuio hilo likalegezwa hatua kwa hatua katika miaka ya 1980.

Ni katika kipindi hichohicho ambapo desturi ya kuchagua kipuri kimoja kimoja ilizaliwa Marekani. Kompyuta binafsi ambayo IBM iliitoa mwaka 1981 ilikuwa na muundo uliowawezesha watengenezaji wengine kuunda vipuri vinavyoingiliana nayo, na mwaka 1995 kampuni ya Intel ikatangaza kipimo cha ATX, kilichofanya kasha, mazabodi (ubao unaounganisha vipuri vyote) na pawasaplai (kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta) kutoka viwanda tofauti vikubaliane. Mnunuzi wa Tanzania, hata hivyo, hakurithi uhuru huo kikamilifu, maana mashine nyingi zilizomfikia zilikuwa zimetumika katika ofisi za ng'ambo, na makasha yake membamba, kama yale ya Dell OptiPlex, yana pawasaplai ya umbo la pekee isiyobadilishwa kwa urahisi.

Kwa sababu hiyo, uchaguzi wa vipuri huanzia kwenye umeme, na jambo hili linastahili uzito zaidi kuliko linaopewa na wauzaji wanaosifia prosesa (kipuri kinachofanya hesabu za kompyuta) peke yake. Pawasaplai ya OptiPlex 790 nyembamba, mashine ya mwaka 2011, hutoa wati 240, na haina waya wa ziada wa kulisha kadi ya picha, yaani kipuri kinachochora mandhari ya gemu. Kadi hutegemea umeme wa nafasi yake kwenye mazabodi, ambao kwa kipimo cha kawaida hauzidi wati 75, na katika baadhi ya makasha membamba ni pungufu ya hapo. Kadi ya GeForce GT 1030 iliyotoka mwaka 2017, inayohitaji wati 30 hivi, ilifaa mno kwa mashine hizo, lakini mwaka 2018 lilitoka toleo jingine lenye jina lilelile na kumbukumbu ya DDR4 badala ya GDDR5, ambalo ni la polepole mno, na jina kwenye boksi halimsaidii mnunuzi asiyesoma aina ya kumbukumbu. Asiye na fedha ya kadi hupata nafuu ya kweli kwa kufunga RAM (kumbukumbu ya kazi ya kompyuta) mbili za GB 4 badala ya moja ya GB 8, kwa sababu prosesa inayochora picha yenyewe huazima kumbukumbu hiyo, na RAM mbili huipitishia data kwa njia mbili kwa pamoja.

Simiyu, mkoa ulioanzishwa mwaka 2012, ni kitovu cha pamba, na kaya inayotegemea zao hilo hupata fedha nyingi kwa msimu mmoja, unaofunguliwa kwa kawaida mwezi Mei. Ununuzi wa hatua kwa hatua, kasha msimu huu na kadi msimu ujao, unaendana na mapato hayo kuliko ununuzi wa mashine kamili, na ni busara ya kiuchumi.

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha huduma za kawaida za Windows 10, huku Windows 11 ikidai, kwa prosesa nyingi za Intel, kizazi cha nane au zaidi, hivyo kipaumbele kimehamia kwenye mashine zenye prosesa kama Core i5-8500 ya mwaka 2018, yenye viini sita, yaani vitengo sita vinavyofanya kazi sambamba. Hata katika mashine hizo za karibuni, kasha likiwa jembamba, swali la kwanza la kumuuliza muuzaji linabaki kuwa wati za pawasaplai.