Sheria Haiulizi Mwana wa Nani

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu zetu Waislamu, wazee walisema kuwa sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Wazee hao hao walisema pia kuwa mnyonge hana haki. Neno la kwanza laeleza sheria ipasavyo kuwa. La pili laeleza walimwengu walivyoifanya. Leo tuitazame tarehe ya Uislamu, tupate kujua ni nani auondoaye msumeno huo meno yake.

Mwezi wa Ramadhani, mwaka wa 8 wa Hijra, yaani Januari 630, Makka ilifunguliwa. Katika siku hizo mwanamke wa ukoo wa Bani Makhzum aliiba. Bani Makhzum walikuwa wakubwa miongoni mwa Makureshi. Ndio ukoo wa Khalid bin Walid. Makureshi wakaingiwa na wasiwasi. Hawakusema kuwa hakuiba, waliulizana tu ni nani awezaye kumwombea mbele ya Mtume (S.A.W.). Wakamchagua Usama, kijana aliyependwa mno na Mtume, mwana wa Zaid bin Haritha aliyekuwa mtumwa akaachwa huru. Tazameni: wenye nasaba kubwa wajificha nyuma ya mwana wa mtumwa wa jana, kwa kuwa yeye ndiye aliye karibu na mlango.

Usama aliposema, uso wa Mtume ulibadilika, akamkemea kwa kuombea katika mpaka uliowekwa na Mwenyezi Mungu. Kisha akasimama akawahutubia watu, akawaeleza kuwa waliotangulia waliangamia kwa sababu mtukufu wao akiiba walimwacha, na mnyonge akiiba walimwadhibu. Akaapa kuwa hata binti yake Fatima lau angeiba, hukumu ingekuwa ile ile. Adhabu ikapita. Bibi Aisha (R.A.) ameeleza kuwa mwanamke yule alitubu toba njema, akaolewa, na baadaye akawa humjia na haja zake, naye akizifikisha kwa Mtume. Aliyekwisha kuadhibiwa hakufungiwa mlango.

Huenda mtu akauliza: je, huruma haina nafasi? Nafasi inayo, ila yapasa tuangalie yaelekezwa kwa nani. Imam Malik amepokea katika Muwatta kwamba watumwa wa Hatib bin Abi Baltaa waliiba ngamia wa mtu wa kabila la Muzaina, wakamchinja. Umar bin Khattab (R.A.) aliamuru wakatwe mikono, kisha akaona kuwa bwana wao akiwashindisha na njaa. Akamgeukia bwana. Mwenye ngamia akasema kuwa alikwisha kukataa dirhamu 400. Umar akaamuru alipwe 800. Hatib alikuwa mmoja wa waliopigana Badr, na hiyo ni heshima kubwa, lakini heshima haikumlipia deni.

Halafu katika ukhalifa wa Uthman bin Affan (R.A.), gavana wa Kufa alikuwa Walid bin Uqba, ndugu yake Khalifa kwa mama. Alishitakiwa kuwa amekunywa ulevi, na watu wakanung'unika sana kwa ajili yake. Mashahidi wawili wakasimama mbele ya Khalifa. Uthman akamwamuru Ali amwadhibu. Abdallah bin Jaafar akashika mjeledi, na katika mapokezi ya Muslim, Ali akahesabu mpaka viboko 40, akasema basi. Walid akaondolewa katika ugavana. Tuangalie pande mbili za jambo hili: udugu haukumwokoa, wala hakupigwa kwa uvumi. Mkubwa naye anayo haki ya kusikilizwa, sawa na mdogo. Haki asiyokuwa nayo ni ya kupewa sheria yake peke yake.

Basi ni nani auondoaye msumeno meno yake? Mwizi hana uwezo huo. Ni sisi tunaomwendea hakimu usiku, tunaotafuta jamaa yetu ofisini, tunaosema kuwa huyu ni mwana wa watu. Mtoto wetu akivunja kwa jirani, twasema ni utoto. Mtoto wa mpishi akichukua kikombe cha sukari, twaita polisi. Na mwanafunzi aliyepewa uranja, akamficha rafiki yake na kumwandika asiye rafiki, amekwisha kuanza kazi hiyo.

Aya ya 135 ya Sura An-Nisaa yatuamrisha kusimamisha uadilifu hata juu ya nafsi zetu, wazazi wetu na jamaa zetu, awe tajiri au masikini. Basi na tuanzie nyumbani.

Ewe Mola wetu, tujaalie tuipende haki hata itakapotuangukia sisi. Amin.