Mita ya stima ni mizani: soko likifunguliwa, nani ataishika?

Mvuvi wa Wasini akivuka na pweza wake kwenda Shimoni, hutupia jicho mizani kabla ya kuuliza bei. Anajua kupunjwa robo kilo kila siku kunakula faida ya mwezi. Mita ya stima nayo ni mizani. Tofauti ni kwamba kinachopimwa hakionekani, na mizani yenyewe kwa kawaida ni ya muuzaji.

Kwa miaka mingi jambo hili halikutusumbua sana, kwa sababu karibu kote nchini muuzaji wa rejareja alikuwa mmoja, Kenya Power. Sheria ya Nishati ya mwaka 2019 ilifungua mlango: kampuni nyingine nazo zinaweza kuomba leseni ya kusambaza na kuuza umeme kwa EPRA, mamlaka inayodhibiti nishati na petroli. Pwani yetu haiko mbali na habari hii. Kwale ni mojawapo ya kaunti 14 zilizowekwa katika KOSAP, mradi wa serikali wa sola kwa maeneo yasiyofikiwa vizuri na gridi ya taifa.

Wauzaji wakiwa wengi, kwanza huulizwa usahihi. Viwango vya kimataifa vya IEC hupanga mita kwa madaraja. Mita ya daraja la 1 inaruhusiwa kukosea asilimia 1 katika matumizi ya kawaida, ya daraja la 2 asilimia 2. Kwa nyumba ya taa na simu, hiyo ni senti. Kwa mwenye friza za samaki zinazonguruma usiku kucha, ni pesa.

Lakini usahihi ndio sehemu nyepesi. Kazi iko kwenye ufunguo.

Mita ya tokeni haijui shilingi. Inajua namba 20 tu, zilizofungwa kwa ufunguo wa siri anaoushika muuzaji. Mfumo huo unaitwa STS, ulianzia Afrika Kusini, na ubaya na uzuri wake tuliuona wote mwaka 2024. Kila tokeni hubeba muda wake, unaohesabiwa kwa dakika tangu tarehe 1 Januari 1993, na nafasi ya kuhesabia ilikuwa inajaa tarehe 24 Novemba 2024. Ndiyo maana wateja wa Kenya Power walitumiwa mafungu matatu ya namba 20: mawili ya kuibadilisha mita, la tatu la stima yenyewe. Wazee wengi waliwaita wajukuu wawabonyezee.

Katika usumbufu ule kulikuwa na funzo ambalo halikuzungumzwa sana. Mita ile ile, bila kung'olewa ukutani, ilihamishwa kutoka ufunguo mmoja hadi mwingine kwa namba za kubonyeza. Basi ukibadilisha muuzaji, hakuna sababu ya kifundi ya kulazimishwa kununua mita mpya, mradi mita ni ya STS na muuzaji wa zamani akubali kuachia. Kukubali huko hakuwezi kuachwa kwenye hisani yake. Kanuni ziseme wazi ufunguo unahamishwaje na kwa siku ngapi, la sivyo uhuru wa kuchagua utabaki kwenye karatasi.

Kuna pia suala la saa. Uingereza ilipoanza kufungua soko lake mwaka 1990, ilianza na wateja wakubwa wa zaidi ya megawati 1, ikashuka hadi kilowati 100 mwaka 1994, na majumbani kukafikiwa kuanzia 1998. Wateja wakubwa walifungiwa mita zinazorekodi kila nusu saa. Waya ni mmoja na umeme wote umechanganyika ndani yake, kwa hiyo bila kujua nani alitumia lini, huwezi kujua muuzaji yupi anamdai nani. Majumbani walikadiriwa kwa wastani, kwani mita za nusu saa zilikuwa ghali.

Kwa mwenye sola juu ya paa aliyeungwa kwenye gridi, kanuni za 2024 zinamruhusu kusukuma ziada yake kwenye nyaya, mtambo usizidi megawati 1. Anarudishiwa nusu: ukisukuma yuniti 10 unahesabiwa 5. Wengine wataona ni dhuluma, muuzaji atajibu kwamba nguzo na nyaya zina gharama. Vyovyote, mita ya kuhesabu upande mmoja haifai hapo. Lazima ihesabu kinachoingia na kinachotoka, kila kimoja peke yake.

Na nani wa kukagua? Sokoni tunaye mkaguzi wa mizani, chini ya Sheria ya Mizani na Vipimo, Sura ya 513. Kwenye stima, mita inayoshukiwa mara nyingi hupimwa na muuzaji mwenyewe, ambaye ndiye mlalamikiwa. Hapo mimi siridhiki. Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti nafasi katika usambazaji na udhibiti wa nishati, na pia katika biashara ya haki. Kwale ikiwa na kifaa kimoja cha kupimia mita na fundi asiyelipwa na muuzaji, mtu wa Mkwiro angekuwa na pa kwenda kabla ya kufikiria malalamiko ya Nairobi.

Kwa sasa, siku mita inapofungwa kwako, iwe ya kampuni au ya landilodi, piga picha ya namba yake na ya yuniti zinazosomeka, na uulize ufunguo wake ni wa nani.