Elimu ni bure, nauli je?

UZI. Ni mrefu kidogo, vumilia.

Kila msimu wa kampeni utasikia mmoja akisema watoto wenye mahitaji maalum ni jukumu la serikali kuu, na mwingine akijibu, "Waulizeni kaunti." Wote wawili wana kifungu cha kukuonyesha, na wote wamekisoma sawasawa. Hebu turudi nyuma tuone tulifikaje hapa. Mfano wangu ni Mnarani, manake ukikaa Mnarani swali la njia hulikwepi: mji wa Kilifi uko ng'ambo ya maji.

Mkoloni aliwaachia makanisa watoto hawa. Jeshi la Wokovu lilianzisha shule ya wasioona Thika mwaka 1946. Wakatoliki wakafungua shule za viziwi Mumias na Nyang'oma mwaka 1961. Mwaka 1962 ikaja Joytown, Thika tena, ya watoto wenye ulemavu wa viungo. Tazama ramani: katika hizo hakuna hata moja ya Pwani. Mtoto wa Mnarani angesafiri zaidi ya kilomita 500 kufika Thika, na kwanza avuliwe nguo za nyumbani, apewe kitanda, aagane na mama hadi muhula uishe.

Shule za namna hii zilikuwa za bweni. Hili watu hulipita haraka, na mimi naona ndio mzizi wa mambo yote. Mtoto akilala shuleni, usafiri ni jambo la kufungua na kufunga muhula tu, la mzazi kujipanga. Hapakuwa na sababu ya mtu yeyote kuandika kanuni ya nani amfikishe shule kila asubuhi. Uhuru ulipokuja tukarithi mfumo huo pamoja na pengo lake.

Halafu mambo yakabadilika taratibu. Mwaka 1984, kwa msaada wa Denmark, serikali ilianza vituo vya kutathmini watoto wenye ulemavu. Mzazi anampeleka mtoto, anapimwa, anaandikiwa barua ya shule inayomfaa. Vitengo maalum navyo vikaongezeka ndani ya shule za kawaida, na Kilifi ikapata shule ya viziwi, Kibarani. Kwa mara ya kwanza wazazi wengi waliweza kuwa na mtoto shuleni na bado akalala kwao. Ni hatua kubwa, tuseme ukweli. Lakini barua ile ilisema mtoto aende wapi, haikusema afikeje. Na kwa Mnarani, hadi daraja la Kilifi lilipofunguliwa 1991, kwenda mjini kulikuwa kupanga foleni ya feri.

Mwaka 2003 ikaja elimu ya msingi bila malipo. Serikali ilitenga shilingi 1,020 kwa kila mtoto kwa mwaka, baadaye ikawa 1,420. Wenye mahitaji maalum huongezewa, ila pesa hizo huingia shuleni. Mwaka huohuo ikapitishwa sheria ya watu wenye ulemavu, iliyowataka wenye matatu wayarekebishe magari yao yawafae. Wewe unayepanda matatu kila siku, niambie umeona ngapi zenye ngazi ya kiti cha magurudumu.

Sasa tupige hesabu. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo, au mwenye usonji asiyeweza kuachwa peke yake steji, lazima aende na mtu. Asubuhi wanapanda wawili, mama anarudi mmoja. Mchana mama anaenda mmoja, wanarudi wawili. Hizo ni nauli sita kwa siku. Tuseme nauli ni shilingi 50: ni 300 kwa siku, 1,500 kwa wiki. Yaani wiki moja ya njia imezidi ile 1,420 ya mwaka mzima. Akiwa mdogo utampakata na makanga atakuachia, lakini mtoto wa miaka kumi na mbili hapakatwi. Ukisema uchukue boda, sheria inaruhusu abiria mmoja tu. Mama, mtoto na dereva ni kosa, na mtoto asiyeweza kujishika hawezi kupanda bila mama.

(Hapo bado hatujahesabu kazi ambayo mama ameiacha ili awe anakwenda na kurudi.)

Tufike kwenye Katiba ya 2010. Ibara ya 54 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia shule na usafiri wa umma. Vizuri sana. Lakini fungua Jedwali la Nne, linalogawa kazi. Shule za msingi na elimu maalum: serikali kuu. Barabara za kaunti, usafiri wa umma wa barabarani, hata feri: kaunti. Chekechea: kaunti. Kwa hiyo mtoto akiwa chekechea, shule na njia viko mikononi mwa serikali moja. Akiingia Gredi ya Kwanza tu, shule inahamia Nairobi, njia inabaki Kilifi, na yeye anabaki katikati. Ndio maana wale wawili wa kwenye jukwaa wote wana kifungu.

Kwingine waliliona hili mapema. Sheria ya Marekani ya 1975 kuhusu elimu ya watoto wenye ulemavu iliutaja usafiri kuwa sehemu ya huduma ambazo mtoto anastahili bila malipo, sawa na mwalimu. Sisi tulitunga sheria ya rangi ya basi la shule, liwe la njano. Nani alipie mtoto apande, hatukuandika.

Kuna watakaosema basari itatatua. Basari kwa kawaida hulipa karo, na hata hiyo ina mvutano wake: mapema 2025 Msimamizi wa Bajeti alizitaka kaunti ziwe na makubaliano rasmi na serikali kuu kabla ya kulipia elimu isiyo kazi yao, na jambo likafika mahakamani. Ila usafiri ni kazi ya kaunti tayari, na Ibara ya 187 inaruhusu serikali hizi mbili zikabidhiane majukumu kwa makubaliano. Kwa hiyo anayesema "sheria hainiruhusu" muombe akuonyeshe yale makubaliano aliyojaribu kuyaandika akakataliwa.

Mpango wa maendeleo wa kaunti unaotumika sasa unaisha 2027. Unaofuata utahitaji vikao vya wananchi, na watu wa Mnarani wataitwa kama wengine. Wazazi wa watoto hawa ndio wagumu kufika, kwa sababu saa za kikao ndizo saa za kumfuata mtoto shule. Kama wewe unaweza kufika, swali la kuuliza ni moja: nauli ya mtoto huyu iko ukurasa gani?