Chunusi na Unga wa Merti

Msichana wa Merti akitokwa na chunusi ataambiwa haogi, ama anawaza wavulana. Uongo mtupu. Balehe ikifika, homoni huongeza mafuta ya ngozi, kinyweleo kinaziba, bakteria wanazaliana ndani, panavimba. Sabuni haifiki huko.

Na chakula je? Mwaka 2002 Loren Cordain na wenzake waliripoti kuhusu kisiwa cha Kitava, Papua New Guinea: watu 1,200 walikaguliwa, hakuna aliyepatikana na chunusi hata moja. Wanakula viazi vikuu, matunda, samaki na nazi. Unga mweupe na sukari, karibu hakuna.

Waborana wa Merti nao waliishi zaidi kwa maziwa na nyama, mpaka vita vya Shifta, 1963 hadi 1967. Serikali ikawakusanya kambini, Merti na Garba Tulla. Wenyewe huita kipindi hicho Gaafa Daaba, wakati wa kusimamishwa. Mifugo ikafa, mingine ikapigwa risasi, na wengi wakabaki kungoja unga wa msaada.

Sisemi Daaba ndiyo ilileta chunusi. Hata maziwa yenyewe yameshukiwa na tafiti kadhaa. Lakini siku hizi ushauri ni "punguza ugali, kula kama wazee wako." Huyo msichana ana haki ya kuuliza ng'ombe wa hao wazee walienda wapi.