Rangi na mwangaza katika vibonzo: Mfano wa ‘Yellow Fever’

MSANII wa vibonzo hubuni kila kitu, hata jua na kivuli, kwani mbele yake hamna jua la kupigwa picha. Ndiposa rangi na mwangaza humsaidia kusimulia: giza laweza kutia hofu, na kamera ikimkaribia mhusika, mtazamaji huingizwa moyoni mwake.

Mfano mwafaka ni ‘Yellow Fever’ (2012), filamu fupi ya mwelekezi Mkenya Ng’endo Mukii, aliyoitengeneza akisomea Royal College of Art jijini London. Filamu hiyo huchanganya vibonzo na picha za watu halisi.

Humo, rangi ndiyo kisa chenyewe. Msimulizi anamkumbuka msusi aliyejichubua kwa mkorogo, ngozi ikawa nyeupe ila vifundo vya vidole vikakataa, vikabaki vyeusi. Sauti ya mtoto nayo yatamani weupe.

Mkazi wa Soweto West, Kibera, hahitaji kufafanuliwa taswira hiyo. Baadhi ya sabuni na krimu za kujichubua huwa na zebaki, sumu inayoharibu figo. Onyo hilo laweza kusomwa likasahaulika. Vidole vyeusi kando ya uso mweupe havisahauliki.