Ngazi ya Forlanini na Bawa la Paje

Mwaka 1906, katika ziwa Maggiore kule Italia, injinia mmoja aitwaye Enrico Forlanini aliendesha chombo kilichotoka majini. Sisemi kilipaa kama ndege, la hasha. Kilisimama juu ya miguu yake, tumbo lote hewani, kikakimbia kilomita 68 kwa saa. Kwa enzi zile hayo yalikuwa maajabu. Mashua iliyozama tumbo huburuta maji, na kadiri unavyoikazania ndivyo maji yanavyozidi kuishika. Yule bwana akaona dawa ni kuitoa humo.

Siri ilikuwa kwenye miguu. Kila mguu ulifanana na ngazi, na kila kipandio kilikuwa bawa jembamba linalosukuma maji chini ili chombo kiende juu. Kikienda polepole, vipandio vyote vimo majini vinafanya kazi. Mwendo ukikolea, chombo kinanyanyuka, kipandio cha juu kinatoka, kisha kinachofuata, mpaka vinabaki vya chini tu. Yaani mwendo mdogo bawa kubwa, mwendo mkubwa bawa dogo, na wala hakuna aliyeshika spana! Chombo kinajibadilishia vifaa chenyewe. Wasomaji wenzangu, tulishike hilo, maana ndilo lililonikalisha kitako niandike.

Mwaka 1911 alipita hapo Alexander Graham Bell, ndiye yule yule wa simu, pamoja na mwenzake Casey Baldwin. Wakapandishwa kwenye chombo cha Forlanini, wakarudi kwao Kanada na ngazi kichwani. Tarehe 9 Septemba 1919, kwenye ziwa Bras d'Or, chombo chao HD-4 kikiwa na injini mbili za ndege za nguvu ya farasi 350 kila moja kilifikia kilomita 114 kwa saa. Ikawa rekodi ya dunia. Bell alikuwa na miaka 72. Babu hakuchoka.

Sasa ile ngazi ilikwenda wapi? Mbona vijana wanaoteleza Paje na Diani hawana ngazi chini ya ubao?

Jibu ni kwamba ngazi ina gharama. Kila kipandio na kila kiungo kinaburuta maji, na bawa linalokatiza uso wa maji huvuta hewa likapoteza nguvu ghafla. Bawa moja lililozama lote ni safi zaidi. Ubaya wake ni kwamba halijui liko kina gani, linataka mtu wa kuliongoza. Kwenye mashua ndogo za mashindano ziitwazo Moth wakaweka kijiti kinachogusa maji na kuamrisha bawa. Laird Hamilton na wenzake kule Hawaii, mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakaliongoza kwa miguu yao wenyewe, wamejifunga viatu vya kutelezea thelujini. Kisha kuanzia 2019 yakaanza kuuzwa madukani matanga ya kupuliza yanayoshikwa mkononi, na mchezo ukawa huu tunaouona: tanga mkononi, ubao miguuni, mlingoti umeelekea chini (kichekesho kwa mtoto wa pwani), na bawa majini.

Basi magoti yamechukua kazi ya kushika kimo. Ila magoti hayawezi kupunguza ukubwa wa bawa. Kazi hiyo ya ngazi imeangukia mfukoni mwetu.

Mtoto wa mama yangu mdogo anabeba vifaa kwenye kituo kimoja cha michezo ya upepo huko Paje. Kwa misimu miwili kaweka akiba anunue seti iliyotumika, maana anataka kuwa mwalimu, na mwalimu asiye na chombo chake atabeba vya wenzake mpaka uzeeni. Pesa yake inatosha bawa moja tu. "Kaka, hilo kubwa la watalii," ananiambia. "Mi nataka la sentimita mraba 1,000, linakwenda!"

Linakwenda, kweli. Lakini hebu tupige hesabu. Nguvu ya kunyanyua hufuata eneo la bawa na mraba wa mwendo. Kama bawa la 2,000 linakuinua kwenye kilomita 15 kwa saa, la 1,000 la umbo lile lile litadai kama 21. Kwenye kusi kali utazipata. Kwenye kaskazi ya asubuhi, iliyo laini, utabaki umepiga magoti kwenye ubao ukipepea tanga kama anayefukuza nzi, na mwanafunzi anakutazama.

Halafu kuna bahari yenyewe. Maji ya bamvua yakipwa, Paje inabaki uwanja, na kina mama wanalima mwani pale tangu 1989. Mlingoti wa sentimita 90 unagusa chini mapema, tena unaweza kukata kamba za mwani, ndiyo riziki ya mtu hiyo. Nikamshauri 75, na asubiri maji yajae.

Kuhusu kubadilisha, bawa lenyewe linasema. Ukiona kila ukikaza mwendo ubao unataka kuruka nje, na umeegemea mguu wa mbele kwa uzito wote lakini haushuki, hilo bawa limekuzidi, punguza. Punguza kama theluthi, usikate nusu. Na badilisha kitu kimoja kwa siku. Ukibadili bawa la mbele, la nyuma na mlingoti kwa mpigo, ukianguka hujui nani kakuangusha. Ubao ukiendelea kuinua pua, sogeza mlingoti nyuma sentimita moja tu kwanza.

Skrubu nazo! Chuma, alumini na kaboni vikikaa pamoja kwenye chumvi vinakulana. Usipofungua, kuosha kwa maji baridi na kupaka grisi, siku utakayotaka kubadili bawa utakuta limeshaganda, na hapo huna tena cha kuchagua.

Jambo lililoamua shauri letu halikuwa hata bawa. Viungo vya watengenezaji mbalimbali mara nyingi haviingiliani, kwa hiyo ukinunua mlingoti umeoa ukoo mzima. Kijana akaacha kutazama mabawa, akauliza kwanza ni mlingoti gani ambao ndugu zake wanapatikana kwa bei ya mitumba hapa kwetu. Akachukua wa 75 na bawa la 1,700. La 1,200 la ukoo ule ule lipo kwa mwenzake wa Jambiani, wameelewana atalipa kidogo kidogo mpaka kusi ianze.