SAFU YA LUGHA: Fokasi si zumu
Wapiga video wengi wa harusi husema, "Kamera inazumu yenyewe," picha inapoingia ukungu na kutoka. Hilo ni kosa. Kuzumu ni kuvuta kitu karibu au kukirudisha mbali. Kinachoyumba hapo ni fokasi, yaani umbali ambao lenzi imewekewa ili kitu kionekane wazi. Huenda kosa linatokana na baadhi ya lenzi kubadili kidogo ukubwa wa picha fokasi inaposogea. Neno fokasi lina asili ya Kilatini, na maana yake ya awali ni meko. Mwaka 1604 Mjerumani Johannes Kepler alilitumia kwa mahali miale ya mwanga inapokutana. Hapo ndipo kioo cha kukuza huchoma karatasi juani.

Tusichanganye pia kufokasi na kulenga. Kulenga ni kuchagua shabaha. Kufokasi ni kuifanya ionekane wazi. Hata kamera za kisasa zisizo na kioo cha ndani huweza kuhitaji kuonyeshwa shabaha. Kwa video, chagua fokasi endelevu, washa utambuzi wa uso na macho, punguza kasi ya fokasi kuhama, na ukibana tundu la lenzi kutoka f/1.8 hadi f/4, eneo linaloonekana wazi litapanuka na kosa dogo la fokasi halitaonekana sana. Basi tuseme sawasawa: picha ikiyumba, kamera "inatafuta fokasi", pazia likionekana wazi kuliko bibi harusi, "imefokasi pasipofaa." Fundi akilitaja tatizo kwa jina lake, atajua pa kulirekebisha.